Mzee wa Mashine na Saa ya Mitwaba

Alikuuliza saa kabla ya kukuamkia. Ukifika mlangoni kwake Nchelenge, jua limekuchoma tangu Kilwa, ng'ambo ya ziwa, na kitenge kimelowa maji ya ziwa mpaka magotini, alisimama kizingitini na kusema, "Saa ngapi kabisa?" Ukimjibu kwamba ni kama saa sita hivi, alikunja uso kama mtu aliyepewa mboga isiyo na chumvi. Ndipo alipokukaribisha kwa Kibemba, "Mwaiseni, Mama," na kukuvutia kiti.

Watu wa boma walimwita Mzee wa Mashine, nami nitamwita hivyo. Nilimfahamu kwa miaka kama saba, katika ile miaka ya sabini, nilipokuwa nachuuza samaki. Nilinunua samaki wakavu kule ufukoni upande wa Zambia, nikavuka nao ziwa Mweru kwa boti la injini mpaka Kilwa, upande wa Zaïre, kisha nikapanda kamyo, yaani lori, siku mbili mpaka Mitwaba, milimani, kwa mume wangu. Mume wangu alikuwa na kazi moja na Mzee. Kila mmoja alitunza mashine ya kupima mitetemo ya ardhi, mmoja ziwani, mwingine mlimani, na karatasi za Mitwaba zilitakiwa zifike Nchelenge kila baada ya majuma machache. Posta ilipoteza mafungu mawili ya kwanza. Baada ya hapo walinipa mimi, kwa kuwa njia ilikuwa yangu.

Nilisoma kwa masista mpaka darasa la sita, ndiyo maana naweza kuandika haya. Mambo ya mashine niliyapata kwa mdomo wa Mzee, na nikikosea mahali, kosa ni la sikio langu.

Mashine yake ilikaa nyuma ya nyumba, katika chumba kilichochimbwa mpaka kwenye mwamba. Kuta zilikuwa nene, na milango ilikuwa miwili, ili upepo usipite. Ndani kulikuwa na chuma kizito kilichoning'inia kwenye springi. Ardhi ikisogea, hata kwa kiasi ambacho hakuna mtu duniani angekihisi, chuma kilichelewa kuifuata, na kioo kidogo kilichofungwa hapo kikayumbisha mwanga mwembamba juu ya karatasi ya picha. Karatasi ilizungushwa kwenye pipa, usiku na mchana. Kila asubuhi saa mbili aliitoa, akaiosha kwa dawa katika chumba cha giza, akaianika kwenye kamba jikoni kama shati. Dawa ile ilimtia rangi ya kahawia kwenye kucha zote kumi, na hata siku za Jumapili, na koti lake jeusi, alinuka siki.

Siku nyingi karatasi ilikuwa na mistari iliyonyooka tu, mmoja kwa kila saa. Katika kila mstari kulikuwa na vipengo vidogo, kimoja kwa kila dakika. Vipengo hivyo viliwekwa na saa ya mashine, na kwake vilikuwa na thamani kuliko mistari yenyewe. Kila siku alifungua redio, akangoja ile milio mifupi mifupi inayotoka mbali kutangaza wakati, akailinganisha saa yake nayo, kisha akaandika katika daftari saa imepotea kiasi gani. Sehemu ya kumi ya sekunde. Sehemu mbili za kumi. Aliandika kwa penseli iliyochongwa kama sindano.

Siku moja, nilipokuwa bado mgeni kwake, aliniita nitazame karatasi iliyokuwa haijakauka. Mstari mmoja uliacha kunyooka na kuanza kupanda na kushuka, kwanza kwa mapana, kisha kwa wembamba, wembamba zaidi, mpaka ukatulia.

"Ni maji haya, Tata?" nikamuuliza; Tata kwao ni baba.

"Iyoo, hapana. Ni inchi yenyewe, hii tunakanyaga. Kuko mutetemeko chini ya bahari, mbali, huko nyuma ya Madagaska. Mawimbi yake yametembea juu ya uso wa inchi mpaka hapa kwetu. Weye ulikuwa unakula bukari, inchi ikakubeba juu, ikakushusha, haukujua."

"Na juu ya nini yale mapana yako mbele?" nikauliza sababu.

Alifurahi. Sikumwona akifurahi hivyo mara nyingi. "Yote yametoka pamoja," akasema. "Lakini wimbi fupi linapita juu juu, linagusa paka mawe ya juu tu. Wimbi refu, lile pana, linagusa chini sana. Fikiri nyavu. Wavu wa kamba fupi unakuletea samaki wa juu. Wa kamba ndefu unakuletea habari ya chini. Chini kule mawe yako magumu, wimbi linakimbia, njo maana lile refu linawahi. Sasa, kama kuko mahali mawe yamelegea juu ya moto, wimbi lenye kufika pale litachelewa. Mi natafuta pale linachelewa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote. Watu wa chuo kikuu kimoja cha mbali walidhani huenda nchi yetu, hapa chini ya Mweru, imeanza kupasuka polepole, na kwamba mawe ya moto yamepanda karibu. Wengine walisema hapana, huku chini kuna mwamba wa kale, mgumu na baridi, unaoshuka kilomita mia mbili. Hakuna shimo la mgodi linalofika huko hata kidogo. Njia ya kujua ilikuwa kulikamata wimbi moja mara mbili: likipita Nchelenge, likipita Mitwaba. Kati ya nyumba hizo mbili wimbi lilitumia chini ya dakika moja. Ukijua kila urefu wa wimbi umetumia sekunde ngapi, unaweza kuchora mstari mmoja uliopinda kwenye karatasi ya miraba, na mstari huo unakuambia kuna nini chini, tabaka kwa tabaka. Lakini tetemeko lenyewe lilipaswa litokee kwenye mstari mmoja na zile nyumba mbili, kama shanga tatu kwenye uzi. Kwa mwaka mzima huenda yakapatikana manne, au matatu. Mengine yote hayakumsaidia.

Kwa hiyo aliishi akingoja msiba wa baharini usiomwua mtu, na misiba mingine hakuwa na haja nayo. Nakumbuka mwaka ambao ardhi ilitetemeka Nchelenge kwenyewe. Ilikuwa mchana, watu sokoni, masufuria yakagongana, ukuta wa kanisa ukapata ufa kutoka dirishani mpaka chini. Watu walimwendea Mzee kwa hasira.

"Weye uko na mashine," mchungaji akamwambia, "juu ya nini haukutuambia?"

"Mashine inajua nyuma, Baba Mchungaji. Haijui mbele."

"Sasa inatusaidia nini?"

Mzee alifikiri kweli kweli. Hakuwa mtu wa kujibu ili kumridhisha mwenzake. "Leo haikutusaidia kitu," akasema. "Mwanga ulitoka nje ya karatasi. Sina hata mustari." Nao waliondoka wakiamini anawaficha jambo. Wengine walisema mashine ile ndiyo inayoita mitetemeko, wengine kwamba inatafuta almasi za Serikali. Hakubishana na yeyote.

Aligombana na watu kwa jambo moja tu, nalo ni kelele. Hakuna mwanamke aliyetwanga kinuni karibu na ua wake. Mkewe, niliyemwita Bamayo, alibeba mihogo yake kichwani mpaka kwa dada yake ng'ambo ya barabara, akatwangia huko, akarudi na unga. Alifanya hivyo miaka yote. Mzee mwenyewe aliingia chumba cha mashine bila viatu, akikanyaga kwa ncha za vidole, mtu mrefu vile, na Bamayo alicheka kila mara akimwona.

"Anaamkia inchi," aliniambia. "Mi haniamkii hivyo."

Alisema kwa mzaha, lakini si mzaha mtupu. Mzee hakujua binti yake yuko darasa la ngapi. Kanisani alifika mahubiri yakiisha, kwa sababu ya karatasi ya saa mbili. Harusini alifika watu wanakunja mikeka. Yule yule aliyekusuta kwa dakika tano za boti alisahau siku ambayo Bamayo aliambiwa arudi hospitali, na mama yule akaenda peke yake kwa baiskeli ya kukodi.

Uongo aliuchukia. Mpwa wake mmoja alimsaidia mwezi mmoja, akachelewa siku moja kubadilisha karatasi na kuandika saa mbili kamili. Mzee alimfukuza siku ile ile. "Ungeandika saa mbili na nusu, ningekupenda," alimwambia. Bamayo alimwombea, dada yake Mzee akaja kumwombea kutoka Mununga. Hakumrudisha.

Njia ya zile karatasi haikuwa rahisi. Mara moja pale Kilwa, askari wa duane, yaani forodha, alifungua fungu langu na kuzitandaza juu ya meza.

"Hii ni karte ya wapi?" Alidhani ni ramani.

"Si karte, Chefu. Ni mutetemeko wa inchi."

"Inchi gani?"

"Ya mbali. Ya bahari."

"Bahari. Na weye unapelekea Bazambia mutetemeko juu ya nini? Hawana wao?"

Aliliweka fungu siku mbili, na niliporudishiwa, karatasi moja ilikuwa na duara la kikombe cha kahawa katikati. Nilimweleza Mzee. Alichukua lenzi, akapima mistari iliyokuwa nje ya duara, akaandika pembeni, *kahawa*, na tarehe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Redio ya Mitwaba, ile ya kupokea wakati, ilitumia betri kavu, ambazo sisi upande wetu tunaziita mapile. Upande wetu siku zile mapile hayakuonekana dukani hata kwa dawa. Kwa hiyo Mzee ndiye aliyeyapokea, na kila nilipovuka alinikabidhi boksi moja, limefungwa kamba. "Haya ni ya saa ya Mitwaba," alisema. Nilikubali kwa kichwa.

Mwaka wa kwanza yalifika. Kisha mtoto wangu wa kwanza akapata homa nikiwa naye Kilwa, homa ya kukakamaa, macho yamegeuka. Mganga wa zahanati aliniambia dawa hana, lakini iko kwa mfanyabiashara fulani. Nilikwenda kwa mfanyabiashara. Hakutaka samaki. Alilitazama boksi langu, akauliza kuna nini ndani. Nilimpa lote, akanipa dawa, na mtoto akapona.

Nilipofika Mitwaba nilimweleza mume wangu. Alimchukua mtoto, akambeba kutwa nzima. Kuhusu saa alisema tutafanya tu. Alikuwa na saa ya mkononi, na misheni walikuwa na kengele. Alilinganisha saa ya mashine na kengele ya misheni, na kengele ilipigwa na sista mmoja mzee aliyeamka pale mwili wake ulipomwamsha. Katika daftari, mahali pa kuandika saa imepotea kiasi gani, mume wangu aliandika kitu kinachofanana na vya nyuma.

Mara ya kwanza ilikuwa dawa. Mara ya pili ilikuwa kitenge. Nimesema ukweli. Yule mfanyabiashara sasa alinijua, na kila boti likifunga alikuwa amesimama pale. Mara ya tatu ilikuwa sabuni na kitenge, na baada ya hapo sikuhesabu. Mume wangu alikuwa akiuliza, "Yamefika?" Nikawa nasema hayakutolewa. Baadaye akaacha kuuliza.

Sikuelewa ninachokiharibu. Hilo pia ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nimekaa jikoni kwa Mzee, nimesikia habari ya wavu na kamba. Nilijua kwamba wimbi linatumia chini ya dakika kati ya nyumba mbili, na nilijua kengele ya misheni. Mtu hahitaji darasa la sita kuviweka pamoja. Sikuviweka.

Katika mwaka wa pili Mzee alibadilika kidogo. Aliacha kuniita nitazame karatasi. Alizipokea mlangoni, akauliza saa, akaziweka chini ya mkono. Nilidhani amechoka, au ni ugonjwa wa Bamayo, ambao sasa ulikuwa umeanza kuonekana shingoni na mikononi. Tena alianza kunipa maboksi mawili ya mapile badala ya moja. "Ya saa ya Mitwaba," alisema, kisha akaongeza, "ya saa tu." Nilivuka nayo mawili, nikayaacha Kilwa yote mawili.

Muzungu mmoja wa chuo kikuu kile, kijana mwenye ndevu nyekundu, daktari wa mawe, alikuja mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo. Alikaa jikoni, akanywa chai, akatandaza karatasi ya miraba yenye nukta chache na mstari wa penseli uliopita katikati ya baadhi yake. Alisema Kiingereza, Mzee akanitafsiria: bado nukta hazitoshi, bado zinatawanyika, labda mwaka ujao. Muzungu alimpiga Mzee begani na kusema jina lake litaandikwa kitabuni. Mzee aliitazama ile karatasi muda mrefu bila kuigusa. Nilisubiri aeleze, yeye aliyependa kueleza. Alisema, "Chai imepoa, nitakuongezea nyingine," akainuka.

Bamayo alifariki msimu wa mvua. Nilifika siku ya tatu, nikakuta ua umejaa watu, wanawake wamelala chini, ngoma ya kanisa, vijana wanapasua kuni. Kelele ambazo hazikuwahi kusikika katika ua ule. Saa mbili asubuhi Mzee aliinuka katikati ya waombolezaji, akavua viatu, akaenda kubadilisha karatasi. Dada yake alimwita arudi, akilia kwa hasira. Hakugeuka. Nilimfuata, kwa kuwa niliona aibu kwa ajili yake. Karatasi ilikuwa nyeusi, mistari minene imegusana, huoni kipengo hata kimoja. Zilikuwa nyayo za watu waliokuja kumlilia mkewe. Aliiosha, akaianika, akaandika pembeni kwa Kiingereza maneno mawili. Nilimuuliza yanasema nini.

"Kelele ya watu," akasema. "Njo namna tunaandika."

Kisha alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na hakurudi uani mpaka jua lilipopanda sana.

Baada ya mwaka mwingine na nusu ilikuja barua. Alinisomea mlangoni, akitafsiri mstari kwa mstari kwa sauti ya mtu anayesoma bei sokoni. Kazi inafungwa. Karatasi za nyumba mbili zimepimwa upya zote. Saa za Mitwaba haziaminiki, na bila saa hizo jozi haitumiki. Wanamshukuru kwa uangalifu wake. Lori litakuja kuchukua mashine. Aliposoma lile neno la saa, hakuniangalia. Alikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akaniuliza kama samaki wa ufuo wa Kabuta wamepanda bei.

Lori lilikuja. Walichukua chuma, springi, pipa, redio. Karatasi hawakuzichukua, dereva alisema hakuna nafasi. Zilikuwa maboksi yanayofika dirishani. Mvua ya kwanza ilipita kwenye bati lililotoboka ikaziharibu nyingi, na zilizobaki Mzee alizigawa kwa yeyote aliyeomba. Siku moja sokoni Kashikishi mwanamke alinifungia maandazi katika karatasi ngumu yenye kung'aa. Niliigeuza. Niliukuta mwandiko wa Mzee pembeni, kwa penseli nyembamba: tarehe, na sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Mume wangu alitelemka kwenda Likasi kutafuta kazi migodini. Alituma salamu mara mbili. Sikusikia zaidi.

Nilikaa karibu miaka miwili bila kuvuka. Nilipovuka, niliambiwa Mzee hayupo Nchelenge tena, nyumba ya kazi ilirudishwa, na binti yake aliolewa Mansa. Mzee mwenyewe yuko Kabuta, anatengeneza baiskeli za watu wanaopeleka samaki bara. Nilikwenda kwa miguu kufuata ufuo. Nilimkuta amekaa juu ya gogo mbele ya kibanda cha mabati, baiskeli imepinduliwa mbele yake, anakaza spoku. Hakuona mbali tena. Nilisimama karibu kabisa, nikamwamkia, ndipo aliponijua, tena kwa sauti.

Hakuniuliza saa. Nadhani hilo ndilo lililonifanya nianze kusema kabla sijakaa.

"Tata, nimekuya juu ya neno moja. Ni yale mapile. Mi njo niliyauzisha. Hayakufika Mitwaba."

Alizungusha gurudumu, akalisikiliza kwa sikio, akalisimamisha kwa kidole.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Mwaka wa pili. Kulikuwa mutetemeko muzuri, upande wa Madagaska, kwenye mustari kabisa. Wimbi lilipaswa kupita kwangu kwanza. Katika karatasi za bwana yako lilifika kwake mbele ya kwangu. Wimbi haliwezi. Nikafungua daftari yake. Kila siku kosa la saa lilikuwa dogo, zuri, na namba zote zilimalizika na tano. Mutu anayesoma saa anapata namba zote. Mwenye kutunga anapenda tano."

Nilikaa chini mchangani. "Juu ya nini haukusema?"

"Nilijaribu kuponya. Kuko mawimbi madogo yanayotangulia yale makubwa, nilifikiri kwa yale nitajua saa yake imepotea ngapi. Yalikuwa madogo mno. Halafu nikatuma mapile maboksi mawili mawili."

"Niliyaacha Kilwa yote."

"Njo hivyo." Akachukua spoku nyingine. Vidole vilikuwa vimesafika, kucha nyeupe kama za mtu yeyote. "Ningesema, wangefunga mwaka ule. Mashine moja haipimi kitu. Bamayo alikuwa mugonjwa, nyumba ilikuwa ya kazi. Na mi, Mama, nilipenda kuamka saa mbili iko na kitu cha kufanya. Basi nikawa naandika. Miaka miwili na nusu niliandika vintu nilijua havifai kitu, na muzungu akikuya nampa chai."

Nikamkumbuka mpwa wake. Sikusema, lakini labda na yeye alimkumbuka, kwa kuwa aliacha kukaza.

"Mutoto aliugua," nikasema. "Mara ya kwanza. Njo dawa nilipata na yale mapile. Zile mara zingine haikuwa dawa."

"Mutoto alipona?"

"Alipona."

"Bon," akasema, neno la Kifaransa la kusema vema, ambalo si lake, nadhani aliliokota kwangu. Hakuuliza habari ya zile mara zingine.

Mwanamume mmoja alikuja kuchukua baiskeli yake, akaipakia vikapu viwili vya samaki, akaisukuma kuelekea barabarani. Nilitaka anikasirikie. Nilikuwa nimevuka ziwa kwa ajili hiyo, na sasa sikujua nirudi na nini. Nikamuuliza swali la kijinga, kwa sababu nilitaka aeleze kitu kama zamani.

"Na kule chini, Tata? Kuko moto ao kuko mwamba?"

Alielekeza uso wake upande wa ziwa, ingawa sidhani alikuwa analiona.

"Sijui," akasema. "Nilitunza karatasi zile miaka yote na sijui zaidi kuliko mutu mwenye hakuanza."

Kisha aliniambia boti la Kilwa linaondoka mapema siku hizi, na kwamba nikitaka kulipata nisimame sasa. Niliinuka, nikapangusa mchanga kwenye kitenge. Nilipomuaga kwa mikono miwili, aliushika mkono wangu muda kidogo.

"Ukikuya tena," akasema, "usilete tena maneno haya. Leta maneno mengine."

Nilimwahidi. Nilivuka Mweru mara nne mwaka uliofuata, na kila mara nilipokaribia Kabuta nilitafuta la kumwambia, habari yoyote, ya soko, ya mtoto, ya mvua. Sikulipata, na kila mara nilipita. Mara ya tano walikuwa wamemzika.